Divai ya Mama Hosiana

Sesilia, ambaye wote walimwita Mama Hosiana kwa jina la binti yake aliyeolewa Mwadui, aliitunza divai ya misa miaka nenda rudi bila kuionja hata tone. Usidhani alikuwa mlokole wa kukimbia pombe. Alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa, mtu wa Tinde, na hamu ya kikombe kile ilimkaa kooni kila Jumapili. Ila hakuwa na ndoa ya kanisa, na asiye na ndoa ya kanisa haruhusiwi kukomunika. Basi yeye alifua vitambaa vya altare, akafagia kanisa, akahifadhi divai. Wenzake wakipanga mstari kwenda kupokea, yeye alibaki kwenye benchi akitazama vidole vya miguu yake.

Mwenye kosa ni mumewe, Amosi, na sisemi hivi kwa sababu tu hayupo kujitetea, mwenyewe alikiri. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Kakola, mpole, mcheshi, lakini kwa kuahirisha mambo, mama yangu! Padri akimwambia abariki ndoa, anajibu kwamba Mama Hosiana si mwanamke wa kufungishwa ndoa kwa soda na biskuti. Duara, yaani shimo lao la kuchimbia, likitema dhahabu ya maana atachinja ng'ombe, watu wale mpaka wasaze. Duara likatema kidogo, likameza zaidi. Likaporomoka, wakachimba jingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga; kwa Amosi iliumiza mapafu. Vumbi la mawe lilimjaa kifuani, ikafika mahali kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika njiani.

Na kutunza divai kule machimboni walikoishi si mchezo. Kanisa la kigango ni bati juu, bati ubavuni, mchana linawaka. Karasha za kusaga mawe ziko jirani, zikianza kunguruma hata sufuria zinacheza jikoni. Mama aliyekuwa na kazi hiyo kabla ya Sesilia alizipanga chupa sebuleni, zimesimama kwenye kabati la vioo juu ya vitambaa vya kufuma, ziwapendeze wageni. Sikukuu ya Pasaka padri akafungua siki, watu wakarudi nyumbani bila misa. Tangu hapo Sista Paskalia wa parokiani akamfundisha Sesilia: divai haitaki joto, haitaki mwanga, haitaki kutikiswa. Chupa ilazwe ili kizibo kilowe muda wote, maana kizibo kikikauka kinapitisha hewa, na hewa ndiyo adui.

Sesilia akafukia mtungi mkubwa chini ya kitanda chake, akaulaza ubavu, akauzungushia mchanga anaounyunyizia maji kila asubuhi. Juu akaweka ubao, na juu ya ubao mkeka. Nje jua lingechoma litakavyo, ukitia mkono mtunguni unakutana na ubaridi wa asubuhi. Padri Gregory akaacha kabisa kubeba divai kwenye pikipiki yake. Alijua iko kwa Mama Hosiana.

Mwaka huu, mvua za Novemba zilipoanza, hospitali ya Kahama walimwambia Amosi akapumzike nyumbani, na kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Hapo ndipo mwanaume akasalimu amri. Alimwambia mkewe amwite padri. Ng'ombe hana, dhahabu hana, lakini anataka kumwoa kabla hajafa, na wakomunike pamoja, siku moja, kikombe kimoja. Sesilia alilia mpaka sauti ikamkauka. Divai ilikuwa imebaki chupa moja.

Padri alifika Jumamosi mchana amelowa chapachapa. Mto wa njiani ulikuwa umeshapanda juu ya daraja, amevuka akiisukuma pikipiki. Alikuja na mafuta ya wagonjwa na hostia ambazo bado hazijawekwa wakfu, kwa sababu misa ingesomwa pale pale chumbani. Wakati anakausha uso, Sesilia akapiga magoti chini ya kitanda, akaondoa ubao.

Chupa ilikuwa imesimama.

Yeye hajawahi kusimamisha chupa. Mchanga nao ulikuwa mkavu, maana siku hizo za kuuguza alisahau hata kula, sembuse kunyunyizia maji. Akaitoa. Kizibo kilikuwa kimechokonolewa kwa kisu kisha kikashindiliwa kwa dole gumba, na divai imepungua. Aliificha chini ya kanga, akapita nayo mbele ya padri kama mwizi, akaingia jikoni huku Amosi akianza maungamo.

Jikoni alikuwepo Mwaisha, jirani yao Mwislamu, aliyekuja kusaidia kupika. Sesilia akanusa chupa, harufu ikamchoma puani. Lakini atajuaje? Maisha yake yote ameilaza, ameifunika, ameiombea, na hajui ina ladha gani. Akampa Mwaisha anuse. Mwaisha akanusa, akamtazama, akamuuliza kwa upole yeye atajulia wapi mambo hayo. Wangecheka, siku nyingine. Sesilia akavuta kopo la sukari. Akachota kijiko, akakishika juu ya mdomo wa chupa. Akili ilimwambia vijiko viwili tu, padri hatajua, na Amosi ataondoka na Bwana wake kifuani. Roho ikamsuta. Akarudisha kijiko, akaipeleka chupa kama ilivyo, na kusema kwamba kuna mtu ameifungua.

Padri akamimina kidogo kwenye kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Mama, hii ni siki. Siki haisomewi misa."

"Isomee hivyo hivyo, Padri. Mungu anajua tulikotoka."

Padri alitikisa kichwa, na machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema ataubariki huo muungano sasa hivi, ampake mgonjwa mafuta, kisha arudi parokiani kufuata divai nyingine, na mto ukimruhusu alfajiri atakuwa hapa.

Hapo Amosi akaanza kusema, neno moja, pumzi mbili. Siku Sesilia alipokwenda Kahama kufuata dawa, Benjamini, mwenzake wa duara, alikuja kukaa naye. Ardhi iliyo tupu chini haijifichi kwa mguu wa mchimbaji. Benjamini alikanyaga mkeka pale ulipotokeza pamoja na ubao nje ya kitanda, akasikia uwazi, akauliza kuna nini. Siku nyingi alikuwa akinung'unika kwamba Amosi anawaficha wenzake dhahabu. Amosi angeweza kusema ni divai ya kanisa, yakaisha. Hakusema. Alimwacha afukue aone kwa macho yake kwamba nyumba hii haina kitu. Benjamini akaiona chupa, akadhani ni zebaki au punje za dhahabu, akafungua, akainamisha kidogo, akanusa. Kisha akairudisha, akaondoka kwa aibu bila kuaga. Amosi alidhani kurudishwa kunatosha.

"Nilitaka ajue sijamwibia," alisema.

Sesilia alimchukia. Kwa kitambo kifupi alimchukia mtu yule aliyelala na mbavu nje, kwa ng'ombe wake wa ndoto na kwa kiburi chake cha kimaskini. Halafu akaona jinsi vidole vyake vinavyotafuta mkono wa kushika, akampa wake. Padri akaifunga ndoa hivyo, bila pete, Mwaisha na mwenyekiti wa kigango, Donatus, aliyeitwa haraka, wakisimama mashahidi. "Ndiyo" ya Amosi ilichelewa kutoka, lakini ilitoka. Padri akampaka mafuta, akavaa koti bichi, akaondoka mbio kuelekea mtoni.

Jua lilipokuwa linatua mvua ikakaza juu ya bati. Amosi akaonyesha chupa kwa kidevu.

"Nipe hiyo, mke wangu."

Sesilia akamwambia hiyo si divai tena, avumilie, Padri anakuja.

"Hata Yesu walimpa siki," Amosi akasema.

Akachukua kitambaa cha altare alichokifua kwa ajili ya misa ile, akachovya ncha, akamlowesha midomo. Amosi akafyonza, akakunja uso, akatabasamu. Sesilia akachovya tena, akajiwekea mwenyewe. Ilimchoma ulimi mpaka kooni, na hivyo ndivyo alivyoionja kwa mara ya kwanza. Kabla mvua haijakatika, Amosi alikuwa ameacha kuhema.

Asubuhi padri akaingia, matope mpaka magotini, chupa mpya ameikumbatia ndani ya koti. Aliona shuka jeupe, akavua kofia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba misa ya maziko ataisoma yeye, na kwamba Mama Hosiana sasa ni mke wa ndoa, atakomunika.

Sesilia alipokea chupa, akaigusa kwa kiganja. Akainama chini ya kitanda alipolazwa mumewe, akailaza ndani ya mtungi.

"Ipoe kwanza, Padri," akasema. "Ina joto la njiani."

Kisha akachota maji kwa kikombe, akanyunyizia mchanga.