Nilibadilisha majani mabovu kwa maji ya Mama Feza

Kosa ni langu. Nimelihesabu mara mbili kabla ya kuliandika, na mara zote mbili linabaki langu. Jina silitoi, maana watu wa bustani za kando ya mto Lukuga, hapa Kalemie, wananisalimia bado kama muntu wa heshima.

Nina matuta kumi na mawili ya mboga, epinari na beterave. Sokoni wananijua: sitoi kitu bure. Hata maganda ya muhogo, nitatafuta mwenye mbuzi tupatane.

Mvua za mwisho zilipozidi, majani yangu yakatoka madoa ya mviringo, katikati rangi ya majivu, pembeni mekundu. Agronomu, bwana shamba wa mutaa, alipita, akageuza jani moja.

"Hii ni kuvu, Papa. Vua yote yenye doa, uchome. Usiache chini, matone ya maji yataibeba mpaka kwa jirani."

Nilivua. Vikapu saba. Nikahesabu tena, saba. Lakini kuchoma majani mabichi ni kupoteza kuni bure, na roho ikaniambia vikapu hivi havikosi muteja.

Jirani yangu alikuwa Mama Feza, mujane aliyekimbia vita kule Nyunzu na watoto wanne. Komite yetu ya bustani ilimupa matuta matano, na humo njo walikuwa wanakula. Alikuwa anatafuta mbolea.

"Mama, majani haya yakioza ni mbolea safi," nikamuambia.

"Na haya madoa?"

"Uzee tu. Hata mimi ninayo usoni."

Akacheka. Tukapatana: yeye achukue vikapu saba, animwagilie matuta yangu kila asubuhi mpaka mwisho wa musimu. Takataka kwa maji! Siku hiyo nilijiona fundi wa biashara.

Akayatandaza chini ya beterave zake. Wiki ya tatu, tuta la kwanza likakauka majani kama limepitiwa na moto. Kisha la pili. Kisha yote matano.

Prezida wa komite akaja, akasema mbele ya watu: "Mama huyu haangalii bustani. Atatuletea ugonjwa sisi wote."

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Mudomo huu, unaoshusha bei ya samaki mpaka muuzaji aombe radhi, haukutoa neno. Mama Feza aliniangalia, akidhani nitamutetea. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa sandali.

Wakamunyang'anya. Na matuta wakanipa mimi, "kwa sababu wewe njo unajua usafi, Papa." Nikikataa, wataniuliza sababu. Nikikubali, ninakula sahani ya watoto wanne. Nilikubali.

Kesho yake asubuhi ninamukuta na ndoo mbili, anamwagilia.

"Mama, acha. Huna tena shamba hapa."

"Papa, mapatano ni mapatano. Musimu haujaisha. Wamesema mimi ni muchafu, wasiseme tena mimi ni mwongo."

Nikimufukuza, nitamueleza nini? Nikimulipa, atauliza ni ya nini. Kila njia ninayoipima inanirudisha kwenye neno lile moja: majani yale yalikuwa na ugonjwa, na mimi nilijua. Kwa hiyo anamwaga ndoo kumi na nne kila siku, mimi nimejibanza nyuma ya mihogo, ninazihesabu.

Juzi alipomaliza akapangusa mikono.

"Papa, dada yangu amenipa kipande kidogo nyuma ya nyumba yake. Nitapanda mboga ya lenga-lenga. Uniwekee tena yale majani, nitakumwagilia hata musimu ujao."

"Yamekwisha, Mama."

Akanishukuru hata hivyo.

Ninyi munaolima, jani lenye doa lichomeni siku ileile, hata kama kuni ni za kukopa. Na kama umekwisha kumupa muntu, mukimbilie umuambie kabla madoa hayajafika kwake. Siku hiyo utapoteza heshima tu. Mimi nilingoja. Sasa nikisema, nitafukuzwa bustanini pamoja na wanangu. Nikinyamaza, kila asubuhi mama yule ananisalimia yeye wa kwanza.