Tulivyoiposa Nyumba ya Bi. Marlow

Harufu ya utoto wangu si ya karafuu, ingawa wazazi wangu walitoka Unguja na walimu wangu wa Kizungu walipenda sana niwaambie hivyo. Ni harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na ya karatasi za ukutani zilizolowa. Mapema miaka ya sabini tulikuwa tumepanga vyumba viwili Sparkhill, hapa Birmingham, katika safu ya nyumba zilizobanana bega kwa bega, na kila ilipofika Oktoba kuta zake zilianza kutoka jasho. Asubuhi Mama alizifuta kwa kitambaa chenye siki, na jioni madoa meusi ya ukungu yalikuwa yamerudi palepale, mapana zaidi. Mwenye nyumba alipoitwa, alikuja na kopo la rangi nyeupe, akapaka juu ya ukungu, akaenda zake akipiga mluzi. Jiko la mafuta ya taa lilikaa katikati ya chumba nasi tukalizunguka, mbele tunaungua, mgongoni tunaganda. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Salma alikuwa na minne, na kifua chake kilipiga filimbi tangu majani yalipopukutika mpaka yalipochipua tena.

Ilikuwa pumu. Mwaka ule alilazwa hospitali mara mbili kabla ya Krismasi, na mara ya pili daktari hakuzungusha maneno. Alimwambia Baba kwamba dawa anazo, lakini dawa haishindani na nyumba yenye unyevu, na mtoto yule akipitisha majira mengine ya baridi mahali kama pale, yeye hatoi ahadi yoyote. Baba, aliyekuwa fundi katika karakana ya vyuma kule Digbeth, alirudi nyumbani akakaa kitini na koti lake mwilini. Mama hakulia. Mama yangu alikuwa mtu wa kukasirika kwanza. Machozi yalingoja zamu yao, na mara nyingi zamu haikufika. Alisema tutahama, kwa sauti ileile aliyotumia kusema chakula tayari, kisha akarudi kwenye cherehani.

Cherehani hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye jumba. Mama alikuwa akishonea duka moja la mjini mapazia, na mwezi wa Januari duka likapata kazi katika jumba la kale nje kidogo ya mji, ukishapita Kingstanding. Jumba hilo lilijengwa zamani na tajiri wa viwanda vya misumari, ili akae mbali na moshi wa viwanda vyake mwenyewe. Sasa mkandarasi alikuwa amelikata fleti nane, akazitia kila kitu cha kisasa, na mabanda ya farasi akayageuza kuwa ya magari. Jumamosi moja Mama alitakiwa kwenda kuyatundika mapazia, nami nikamfuata kuwa mkalimani. Tulishuka basi mwisho wa njia, tukatembea baina ya miti mirefu isiyo na jani hata moja, viatu vyetu vikizama kwenye tope, mpaka tukaliona limekaa kilimani na madirisha yake yote. Ndani mlikuwa na ngazi pana za mbao, kioo cha rangi juu ya mlango, na majani na matunda ya plasta yaliyozunguka dari. Mimi nilikodoa macho. Mama alipita kama anapita sokoni siku ambayo hana haja ya kununua kitu. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani.

Fleti ya juu kabisa, chini ya paa, ilikuwa zamani chumba cha kulelea watoto wa tajiri. Ilikuwa haijauzwa bado, kwa sababu wanunuzi walizikimbia zile ngazi, na dari yake iliinama hata mtu mzima akalazimika kuinama nayo. Jiko lake lilikuwa na makabati mapya ya rangi ya chungwa, bafu lilikuwa la kijani, na chini ya kila dirisha lilipita bomba nene la maji moto. Mama aliweka kiganja chake ukutani. Akakisogeza, akaweka tena, akaenda pembeni kabisa, nyuma ya mlango, mahali unyevu hupenda kujificha, akalaza shavu lake pale. Halafu, katikati ya kazi ya watu, mama yangu akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho. Mimi nilisimama na pini zangu mkononi, nikiona aibu kwamba mtu angeingia.

"Mkavu," alisema. "Hapa ndipo atakapolala Salma."

Mtu akaingia kweli. Alikuwa Bi. Marlow, mrithi wa jumba lile, mwanamke mrefu mwenye soksi za sufu na mbwa mzee aliyemfuata kwa taabu. Yeye alijibakishia fleti ya chini, na nyingine alikuwa akiziuza kupitia kwa dalali. Aliyatazama mapazia, akayageuza aone mishono ya nyuma, akayasifu, na kabla hatujaondoka akatupa chai. Mtu mwingine yeyote angemwendea dalali Jumatatu asubuhi na kusema anaitaka nyumba. Sisi hatukufanya hivyo. Tulifanya kosa ambalo sidhani kama kuna Mwingereza aliyewahi kulifanya tangu jumba lile lijengwe: tuliiposa.

Mama alituambia, na Baba akakubali, kwamba kitu kikubwa hakivamiwi. Bi. Marlow alizaliwa ndani ya kuta zile. Kumwendea na bei mkononi siku ya kwanza ni kumwambia mzazi usoni kwamba binti yake ni ng'ombe wa mnadani. Unapeleka kwanza mshenga, mtu mwenye ulimi na heshima. Unakwenda na kitu mkononi. Unauliza hali, unasifu alichonacho, unanyamaza, na mwenye akili anajua kilichokuleta. Mshenga wetu akawa Ami Nassor, ndugu mdogo wa Baba, kondakta wa basi, ambaye alijua Kiingereza cha kutosha kumteremsha mlevi bila ugomvi. Alivaa suti yake ya Idi na kofia ya vitobo. Mama alioka vileja, akatia kahawa ya iliki kwenye chupa ya chai, na Jumapili tukapanda mabasi yetu.

Tulikwenda mara tatu katika muda wa wiki tano. Mara ya kwanza Ami Nassor alizungumzia mvua. Mara ya pili alizungumzia ubora wa mbao za kale na uzuri wa kuishi mahali ambapo watu wanajuana. Mara ya tatu, akiwa amefika mbali kabisa kwa mizani ya kwetu, aliweka kikombe chini akasema kuwa familia yake ni watu watulivu, hawana deni na mtu, na wanapenda sana ngazi. Bi. Marlow alikula vileja vinne na kusema kuwa ngazi ni mazoezi mazuri. Njiani kurudi Ami Nassor alijisifu kwamba mambo yamekwisha iva, sasa tungoje jibu, kwani mwenye mali akijibu upesi hujivunjia heshima yake mwenyewe. Subira yavuta heri, alisema, na Mama akatikisa kichwa kukubali. Mikufu yake ya dhahabu ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi, na akiba ya Baba na Ami ilikuwa tayari. Jambo moja tu hatukuwa tumelifanya. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote kwamba tunataka kununua.

Habari ilikuja kwa mkono wa duka la mapazia. Mwenye duka alimtuma Mama achukue upya vipimo vya fleti ya juu, kwa sababu mume na mke walioichukua walitaka mapazia ya maua. Baba alimpigia dalali kutoka kwenye kibanda cha simu cha mtaani, nami nikashika mlango. Dalali alimwambia nyumba imekwenda, na kwa hali yoyote, mahali pale hapakuwafaa watu kama sisi. Baba aliirejesha simu polepole. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Lakini nani angethubutu kuitamka methali ile mbele ya Mama usiku ule? Ami Nassor hakuonekana kwetu siku mbili.

Kesho ya simu ile Mama hakunipeleka shule. Alimvika Salma makoti mawili, akavaa juu ya koti buibui lake, ambalo kwa kawaida hakulivaa mbele ya Wazungu wa mapazia, akatutoa nje. Hakuchukua vileja. Njiani alinikataza neno moja tu: nisiseme Salma anaumwa. Alisema hatukwenda kuomba sadaka, tulikwenda kutaka haki ya waliotangulia.

Bi. Marlow alitufungulia mwenyewe. Mama hakukaa. Aliniambia nimwambie kwamba alikuja mara tatu kuitaka nyumba yake. Nilitafsiri, na yule bibi akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu upya watu aliodhani anawajua.

"Mara tatu? Mbona hamkusema?"

"Mwambie kwetu anayesema siku ya kwanza haaminiki," alisema Mama. "Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi leo nainama. Nataka kuinunua."

Bi. Marlow alianza kueleza kuwa dalali amekwisha kutoa neno. Mama akauliza kama kuna karatasi iliyotiwa saini. Hapakuwa. Akasema basi twende juu, na kabla sijamaliza kutafsiri alikuwa amekwisha kushika ngazi. Tulipofika juu, Salma alikuwa amejiinamia, mikono magotini, na kifua chake kinapiga filimbi chumba kizima. Bi. Marlow alinigeukia akaniuliza kama mtoto ni mgonjwa. Nilimtazama Mama. Nikamrudishia swali kwa Kiswahili, na nilikuwa nimeanza kulia kwa hasira, maana niliona kila kitu tulichokificha kimetoka chenyewe.

"Mwambie anaumwa Sparkhill," alisema Mama. "Hapa hataumwa."

Nilisema hivyo hivyo. Bi. Marlow alikaa kwenye kizingiti cha dirisha. Alisema mdogo wake wa kiume alilala chumba hiki, naye alikuwa na kifua kama hicho, wakati huo hakuna mabomba, kuna moshi wa makaa tu. Hakusema yaliyompata, nasi hatukuuliza. Kisha akasema kuwa hawezi kujibu leo. Lazima kwanza azungumze na dada yake aliyeko Wales. Baba aliposikia jioni ile aliona tumekwisha kukataliwa kwa adabu. Mama alikuwa amechangamka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Alisema hatimaye amempata mtu aliyelelewa.

Jibu lilichukua siku tisa, na lilikuwa ndiyo. Tulisikia baadaye kwamba dalali alipinga, na majirani wawili wakaandika barua kuhusu harufu za mapishi ambayo hawajayanusa. Bi. Marlow aliwajibu kuwa nyumba ni yake. Tulihamia mwezi wa Mei, na majira ya baridi yaliyofuata Salma hakulazwa. Alikohoa, alipiga chafya, alitusumbua kama watoto wote, lakini hospitali hatukwenda. Mama aliishi pale mpaka mwisho wa maisha yake, na mpaka mwisho huo alikuwa na mazoea ya kuugusa ukuta akipita, kama mtu anayemgusa mtoto kichwani.

Siku hizi ninaishi pale na Salma, na matangazo ya fleti za jumba letu ninayaona kama kila mtu anavyoyaona, kwenye simu. Mwaka jana ya ghorofa ya chini ilinunuliwa na mtu aliye nchi nyingine ambaye hajawahi kuukanyaga mlango wake. Hakuna aliyekunywa chai. Zuhura, binti wa Salma, naye anatafuta pa kuishi, na mwezi uliopita alipata fleti aliyoipenda kwelikweli, katika shule ya zamani upande wa pili wa mji. Dalali akamwambia imekwenda. Akainua mabega, akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba si kitu, zipo nyingine. Sina ugomvi na hilo. Kuwa na nyingine ndiko hasa tulikokutafuta. Ila Mama hakuwa na fleti mia mbili kwenye simu za kuchagua kwa kidole. Alikuwa nayo moja, na aliishika. Nilimuuliza Zuhura kama kuna mtu aliyetia saini. Hakujua. Nikamwambia avae koti.

Tulikuwa bado tunavutana mlangoni, yeye akisema nitamtia aibu, tuliposikia sauti kutoka chini. Mama yake, Salma, alikuwa ametangulia kwenye gari, amechoka kutungoja, sasa anapanda kutufuata. Ana miaka hamsini na zaidi. Alitugombeza kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, ghorofa zote tatu, bila kusimama hata mara moja kuvuta pumzi.