Mwisho wa Filamu, Kama Alivyotusimulia Zuberi

Niliisikia sauti ya Zuberi kabla sijaona picha yoyote. Mimi na rafiki yangu Aline tulikuwa wafupi, mbele yetu ilikuwa migongo ya wavuvi tu, na ukumbi wa video wa Rumonge, mji wetu wa Burundi kando ya ziwa, ulinuka jasho na ndagala, dagaa wa huko. Zuberi alikuwa mfasiri: filamu ilisema Kifaransa, naye akaimwaga kwa Kiswahili chetu kwenye kipaza sauti cha betri. Jumapili ile ilikuwa filamu ya watoto wa shule ya bweni waliochoka kupigwa. Walipofudikiza sahani zao mezani wakikataa kula, umeme ukakatika.

"Umeme iko wapi, mzee?" mtu akafoka.

"Iko Bujumbura, miye niko hapa! Sikilizeni. Mukubwa wa shule anauliza nani alianza. Mutoto moja anasimama, wote wanasimama. Mukubwa anapiga magoti, anaomba musamaha!"

Tulishangilia gizani. Haikutupitia akilini kwamba mfasiri anayeogopa kuzomewa hujitungia mwisho.

Bwenini kwetu, prefe wa nidhamu, mwalimu msimamizi wa adhabu, alitupigisha magoti juu ya maganda makavu ya kokwa za chikichi. Aline aliyazoea kuliko sisi, kwa kuwa hakuwa na wa kumtetea. Wazazi wake walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Tanzania wakakuta shamba lao lina wenyewe wengine. Pale kitandani bwenini ndipo mahali pekee alipopaita pake.

Siku chache baadaye, maharage yalipoletwa, Aline alifudikiza sahani yake. Tukamfuata. Sahani za bati zililia meza hadi meza kama mvua inayotoka ziwani.

"Iko nani alianza?" prefe aliuliza taratibu.

Aline akasimama. Nikasimama, wakasimama wote, nami nikayatazama magoti ya prefe, nikingoja yakunjike.

"Wote? Muzuri. Kufukuza mutu moja itanitosha."

Akamchagua Aline, yule asiyekuwa na mjomba ofisini. Mnyonge hana haki, hata akisimama na wenzake.

Leo maganda yameondolewa. Watoto hupiga magoti kwenye saruji, na wazazi huyaita hayo maendeleo. Nilimuuliza mpwa wangu anayesoma huko kwa nini hawakatai. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini ziwa lina maji. Sisi angalau tulikuwa na uongo wa kuamini.

Siku ile Aline hakulia. Aliigeuza sahani yake ikakaa sawasawa, kama mtoto aliyefunzwa adabu, akapita katikati ya meza, sisi bado tumesimama. Prefe alimfungulia mlango, akamngoja apite, akaufunga.