Tulimwachia jirani Mkatoliki mbwa wetu, akarudi hali chakula mpaka afanyiwe ishara ya msalaba

Wakuu, salamu kwenu. Naona humu mnalalamikia majirani mliowaachia paka wakarudi vibonge. Leo bibi yenu naleta ya kwangu, na ni kweli tupu. Pacha wangu Mbuyi bado yupo hai, nikiongeza chumvi atanisuta.

Ni Lubumbashi, enzi hizo ikiitwa Elisabethville, na Katanga imejitenga na Kongo. Sisi wenye asili ya Kasai, jimbo jingine, tukawa hatutakiwi. Mambo yalipochacha tukahamia kambi ya wakimbizi nje ya mji, iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa.

Tulikuwa na mbwa, jina lake Kapita. Kapita kwetu ni msimamizi wa kazi, na huyu alisimamia mpaka kuku wa watu. Kambini hakukuwa na nafasi ya mbwa. Mimi na Mbuyi tulilia mpaka kamasi.

Baba akampeleka kwa Mama Rejina, jirani yetu pale mtaani Naviundu, mjane wa mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini mwa Katanga. Mkatoliki wa rozari asubuhi, rozari jioni.

Sasa Baba alikuwa mhubiri wa Kiprotestanti, na Jumapili haikupita bila kuwasema Wakatoliki na sanamu zao. Lakini shida haichagui mlango.

Mungu si Athumani, baada ya miezi mingi tukarudi. Kapita aliturukia wote, akamlamba Baba mpaka kwenye miwani. Mama akampa bukari (ndio ugali wenu) na vichwa vya samaki.

Kapita akakaa. Anatazama sahani, anamtazama Mama, udenda unashuka, lakini hagusi.

Kesho yake hivyo hivyo. Mbavu zikaanza kuonekana. Niliogopa kwelikweli, maana mbwa kapona vita halafu anataka kutufia kwa njaa mbele ya chakula.

Tukamwita Mama Rejina. Akainama, akafanya ishara ya msalaba juu ya sahani, akasema amina. Kabla hajanyooka, Kapita kashamaliza.

Baba akavua miwani. "Mama Rejina, imbwa yangu umeifanya Mukatolika?"

"Shambuyi," akamjibu, maana baba wa mapacha kwetu huitwa hivyo, "chakula ilikuwa kidogo. Tulikuwa tunakula sahani moja, mimi na yeye. Kila mara niliomba itoshe sisi babili. Njo vile alizoea kungojea."

Baba akavaa tena miwani.

Jioni akajaribu sala ya kwetu. Aliomba ndefu, akapitia wagonjwa, wajane na wasafiri. Kapita akapiga miayo, akalala kando ya sahani.

Basi Baba akaibeba ile sahani mpaka nyuma ya jiko. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akafanya ishara ya msalaba harakaharaka kama anafukuza nzi. Kapita akala. Mimi na Mbuyi tulikuwa tunachungulia, na kicheko cha Mbuyi kilitupatia bakora wote wawili.

Ikawa ndiyo kazi yake kila siku, nyuma ya jiko. Mezani kwetu, hata siku moja. Na mahubiri juu ya sanamu yakapungua, sijui kwa nini.

Kapita alizeeka, akafa. Baba alichimba shimo mwenyewe, karibu na ua wa Mama Rejina. Mama Rejina alikuwa amesimama upande wake wa ua, rozari mkononi.

Baba akatazama kushoto kama kawaida yake. Akamwona. Hakutazama kulia tena. Akafanya ishara ya msalaba taratibu, kubwa, kama padri. Mama Rejina akaitikia amina.

Funzo langu, wakuu: ukirudishiwa mnyama wako ana tabia ngeni, usikimbilie kulaumu. Uliza kwanza walikula nini, na walikula wangapi.

Na kama kuna mwingine humu ambaye mbwa wake alibadili dini, ajitokeze, nisionekane muongo peke yangu.