Ubao Nilioufuta

Miaka kumi na tisa nimefuta mbao za shule. Wanafunzi wakitoka, naingia na kitambaa chenye maji, nafuta. Kwangu yote yalikuwa chaki tu, maana sikujua kusoma. Ndiyo sababu mume wangu aliniletea karatasi, akanishika dole gumba, akaligandamiza niweke alama, kumbe ni ya kuuza nyumba yetu. Nilipomuuliza, alinyamaza. Hadi leo hajasema, "Nimekukosea."

Mwaka huu nikaingia darasa la watu wazima, la kwenye simu. Tuko sita, hatujawahi kuonana. Mwalimu alisema tutajuana ubaoni: ukurasa mweupe ambao kila mmoja anauandikia kwa kidole na wote tunauona. Kazi ya wiki ilikuwa kuandika humo, siku yoyote kabla ya somo, jina la mtu unayempenda.

Siku ya somo niliwahi kuingia, langu bado sijaandika. Nikakuta ubao umejaa mikwaruzo, rangi hii na ile. Herufi ninazozijua mimi ni za kitabuni, zilizonyooka. Nikadhani ni uchafu wa somo lililopita. Mkono ukaenda wenyewe kwenye alama ya kifutio. Ubao ukawa mweupe pe. Nikajisifu moyoni.

Wenzangu wakaingia.

"Jina la mjukuu wangu liko wapi?" akauliza mwenzetu mmoja, mlinzi, mzee wa miaka sitini na tatu. "Nimeliandika siku tatu!"

Dada mmoja, mshona nguo, akacheka. "Babu, labda limeuonea haya mwandiko wako, likakimbia."

"Umefuta wewe! Tangu juzi unanicheka."

"Mimi? Haki ya Mungu sijagusa!"

Mwalimu alijaribu kumtuliza, wapi. "Basi, shule imenishinda," mzee akasema. "Mwalimu, nitoe."

Uso uliniwaka. Mwenzangu anaapa, mimi nimenyamaza, na kunyamaza kwenyewe nilikujua: ni kunyamaza kule kule kwa mume wangu. Nikawasha maiki.

"Mzee, ni mimi. Nilidhani ni uchafu."

Kumwita mjukuu wa mtu uchafu! Maneno yote ya duniani, nikaokota hilo.

"Uchafu," mzee akarudia.

"Nisamehe, baba. Na wewe dada, nisamehe."

Mzee hakutoka. Mstari mmoja ukatokea ubaoni, ukapinda, ukasimama. Alikuwa anaanza upya. Ilimchukua dakika kumi na mbili. Nilikaa na mikono mapajani, nikitazama kila herufi, nikiogopa hata kuigusa simu.