Gobore Lililochelewa Kuwaka na Sala Niliyoikatiza

Naitwa Elirehema. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie mpangilio. Haya nayatoa kwenye daftari nililoanza kuandika hospitalini, mkono wa kushoto ukiwa umefungwa kama mzigo wa kuni. Wazee wa usharika wameniomba niwasomee wagonjwa wapate moyo. Sina hakika kama nitawapa moyo. Nitasema yaliyotokea.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima wa viungo vyote. Tulikuwa tumeshuka kutoka milimani kuja kijiji cha ujamaa, huku tambarare upande wa Same: mimi, mke wangu Nakijwa, na kaka yangu Yeremia. Juu tulizoea migomba na ukungu. Huku tulikuta vumbi na nyani. Shamba la kijiji lilikuwa la mahindi, na nyani nao walisikia kwamba ni mali ya wote.

Kaka ndiye aliyekuwa na gobore, alilirithi kwa marehemu baba, akapewa kibali cha kulinda shamba. Gobore hupakiwa kwa mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unashindilia nyuzi za katani, unatia risasi, unashindilia tena. Halafu kule nyuma unavika fataki kwenye kichuchu chenye tundu. Nyundo ikigonga fataki, moto unapita kwenye tundu kwenda kwenye baruti.

Kaka alinifundisha mambo mawili. La kwanza, kabla ya kupakia, piga fataki moja gobore likiwa tupu, mdomo ukielekezwa kwenye jani kavu. "Jani likiruka, njia ya moto iko wazi. Lisiporuka, chokonoa tundu kwa waya, ufute, ujaribu tena." La pili, ukisikia nyundo imegonga na mlio haukutoka, usishushe. Lielekeze mahali pasipo na mtu, usome Baba Yetu mpaka Amina, polepole, kama kanisani. Hatukuwa na saa. "Moto wa gobore wakati mwingine una miguu mizito," alisema. "Usidhani haujatoka nyumbani kwa sababu haujafika kwako."

Siku yenyewe kaka alikuwa na homa, akaniambia niende mimi. Nadhani ilikuwa asubuhi. Nakijwa anasema jua lilishapanda. Fataki zilibaki tatu, na kupata nyingine ilikuwa kazi. Nikaona nisipoteze moja kwa ajili ya jani. Nikapakia.

Nyani walikuwa wengi, dume lao limekaa kwenye kichuguu linamenya hindi kwa adabu kama mtu. Nikalenga. Nyundo ikagonga, ta! Kimya. Nikaelekeza mdomo kwenye mlima nikaanza Baba Yetu.

Omari alikuwa ng'ambo ya mfereji na jembe lake. Alikuja zamani kutoka Tabora kukata katani, akabaki nasi.

"Elirehema!" akaita. "Unawabatiza?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Mwache awaombee, wanakula bila kushukuru!"

Nilipomwonyesha Omari daftari hili, alisema yeye aliita tu, hakucheka. Inawezekana. Na hata kama alicheka, si yeye aliyeshika gobore.

Nilikuwa nimefika kwenye kuomba chakula cha leo. Nikaona aibu. Nikasema Amina hapo hapo, nikasimamisha kitako chini, nikaegemeza kiganja cha kushoto juu ya mdomo wa mtutu, nikainama kutafuta fataki mfukoni. Ndipo moto ukafika.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia joto usoni na harufu ya nywele. Nikautazama mkono nikaona kitu cheupe, nikajiuliza ni nini, kumbe ni mfupa wangu. Vidole viwili vilikuwa vimekwenda. Cha tatu kilining'inia kwa ngozi. Omari ndiye aliyeruka mfereji, akavua shati akanifunga, akawa analia, "Nisamehe, ndugu yangu, nisamehe." Lori la katani lilitupeleka hospitali.

Siku ya nne mkono ulianza kunuka. Usaha ulikuwa wa kijani, na mstari mwekundu ulipanda mpaka kwenye kiwiko. Nilitetemeka hata kitanda kikagonga ukuta. Daktari alisema, "Nikikata nusu ya kiganja leo, mkono utabaki. Tukingoja, nitakata begani, au sitakata kabisa." Nilielewa maana ya kutokata kabisa.

Nikasema sitaki. Nitalimaje?

Kaka alikuwa amesimama miguuni, bado ana homa, macho ya njano. Akasema, "Kata, daktari. Nitamlimia mimi." Kisha akapiga magoti kando ya kitanda. "Mdogo wangu, ni mimi niliyekuua. Jioni ya kuamkia siku ile nililipaka gobore mafuta ya kondoo nikalitundika juu ya meko, lisipate kutu. Nimelifungua. Tundu limejaa mafuta na masizi. Ni mafuta yangu."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Kinywa kilikuwa kizima. Aliniuliza hata, "Ulisoma mpaka Amina?" Nikajibu, "Nilisema Amina, kaka." Mnaona jinsi nilivyojibu. Sikusema uongo, na ulikuwa uongo.

Walikata. Kikabaki kidole gumba na cha shahada. Kupona kulichukua muda mrefu. Vidole visivyokuwapo viliniwasha usiku na mchana, nami nakuna hewa. Nakijwa alinifungia kamba kwenye mpini wa jembe, nikajifunza upya kama mtoto. Mara ya kwanza nilipomaliza tuta moja, alikaa chini akalia, mimi nikacheka. Kwa hayo namshukuru Mungu, na daktari, na Omari na shati lake.

Lakini kaka alitimiza neno. Kila msimu alilima kwangu kwanza, kwake baadaye. Gobore alilikabidhi kwa Mwenyekiti wa kijiji asilishike tena. Kwenye sala za jioni, yeye aliyekuwa akituongoza akawa anakaa nyuma. Nikimwambia, "Kaka, pumzika," ananitazama mkono na kuendelea. Mimi nilipona, yeye akaugua ugonjwa wangu. Na mimi nilimwacha augue, kwa sababu kuonewa huruma ni kutamu. Nimeandika hivyo nikafuta, nikaandika tena.

Alipolala na kifua, mwaka aliofariki, nilimwambia yote: fataki niliyoibania, kicheko, sala. Alisikiliza. Akakohoa, akatabasamu kidogo.

"Kumbe ulisoma nusu."

"Nusu, kaka."

"Uliishia wapi?"

"Kwenye chakula."

Kinachofuata pale kwenye sala ni kuomba msamaha. Sote wawili tulijua. Aligeukia ukutani. "Ungeniambia mapema, mdogo wangu. Nilichoka." Sikujua kama alinisamehe, na mpaka leo sijui. Sitaki kumsemea.

Nimepima kwa haki niwezavyo. Mafuta yalichelewesha moto. Mkono niliupeleka mimi.

Kwa hiyo wenye magobore, futeni mafuta yote kabla ya kupakia, msitundike gobore kwenye moshi, jaribuni kwa jani hata kama fataki ni moja. Likigoma, ngojeni, na mtu akiwacheka acheni acheke. Nanyi mlio vitandani, kidonda kikinuka mwonyesheni daktari siku hiyo hiyo. Na kama kuna mtu anabeba lawama yenu, mwambieni angali ana nguvu ya kuwakasirikia.

Tulimzika kaka juu milimani, kwenye ukungu aliouzoea. Mchungaji aliongoza Baba Yetu. Niliisoma polepole, kama alivyonifundisha, neno kwa neno. Nilipofika Amina, watu walikuwa wameshamaliza zamani, wanachukua majembe.