Maziwa ya Mama Limi

Mwaka wa tisini na nane Martina alikuwa akifunga kanga mbili kifuani ili maziwa yasionekane yakivuja. Bintiye Limi alikuwa ameachishwa ziwa kwa amri. Kidonda cha chanjo begani kilikataa kupona, matezi yakavimba, mtoto akabaki ngozi na mifupa. Mama mkwe, Bibi Mageni, akatoa hukumu uani kwao Nyasubi, majirani wakisikia:

"Umembemenda mtoto! Umetoka nje ya ndoa, ukarudi ukamnyonyesha. Hayo maziwa ni uchafu."

Martina akawa haendi tena kliniki kupima mtoto, wala bombani wenzake wakiwepo. Mumewe Januari, mchimbaji wa dhahabu kule Masumbwe, alirudi nyumbani, akainama tu. Ukimya ule ndio uliomvunja. Alijificha nyuma ya nyumba akayakamua maziwa chini yasikauke, huku Limi analia ndani, uji hautaki. Aliyewahi kunyonyesha anajua yanavyouma.

Hospitali ilikuwa imepeleka damu ya Limi maabara ya mbali. Majibu yalipokuja, Daktari Athanas aliwaita Martina, mumewe na mama mkwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema tu, tunajua."

"Hamjui, bibi. Mwilini kuna jeni inayozifanya seli zisikie mwito adui akiingia. Seli za Limi hazisikii, ndiyo maana hata vijidudu dhaifu vya chanjo vimemshinda. Kule maabara wamekuza kwenye chupa seli za mtu mwenye afya, wakaitoa jeni hiyo moja tu, wakapeleka mwito. Kimya, kama za Limi. Na kwenye chupa hakuna ziwa wala ndoa. Limi kazaliwa hivyo, kasoro kairithi kwenu wote wawili, mama na baba. Dawa atatumia muda mrefu. Na ziwa anyonye."

Januari akashusha pumzi. "Kumbe si mimi!"

Martina akageuka. "Si wewe nini, Baba Limi?"

Akatazama viatu vyake. "Kule Runzewe... kuna mwanamke. Nilidhani ni mimi niliyemletea mtoto ugonjwa."

"Ukaniacha nitukanwe."

Bibi Mageni akafungua mbeleko, akamshusha mjukuu mgongoni, akampa Martina bila kumtazama usoni. "Mimi nikatae ukitaka, mwanangu. Mtoto mnyonyeshe."

Martina akafungua kanga ya kwanza, na ya pili. Limi akalidaka ziwa. Januari akanyanyuka kwenda mlangoni.

"Kaa," mama yake akamwambia. "Mwenzio alikaa."